Kusomea ukalimani wa mahakamani, Kihispania na Kiingereza, nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia kila mara, mengi kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani. Yupo aliyesomea udaktari Kuba akarudi na Kihispania fasaha. Yupo aliyeolewa na Mmeksiko, na yupo aliyefanya kazi za ujenzi Texas miaka mingi hadi lugha ikamkaa mdomoni. Mimi nakalimani Kiswahili na Kiingereza, lakini kazi hii niliisomea katika darasa ambalo karibu kila mtu alikuwa wa Kihispania, maana njia yenyewe ya taaluma hii nchini Marekani ilifyekwa na Kihispania. Sisi wa lugha nyingine tunapita humohumo. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu hukwama zaidi.

Mkalimani na mfasiri si mtu mmoja?

Hapana. Mfasiri ana maandishi mezani, ana kamusi, na ana muda wa kufuta na kuandika upya. Mkalimani ana sauti ambayo imekwisha kupita. Wapo wanaofanya kazi zote mbili, lakini ukurasa huu unahusu ukalimani.

Nimekua na lugha zote mbili tangu utotoni. Bado nahitaji mafunzo?

Ndiyo, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mtu alielewe kabla hajalipia kozi yoyote. Kujua lugha mbili ni kuwa na magogo mawili msituni. Ukalimani ni kuyachonga yakawa mtumbwi unaobeba mtu bila kuvuja.

Chukua neno moja la Kiingereza, "free". Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya eneo la tisa, inayohudumia majimbo ya magharibi, ilitoa uamuzi katika kesi iliyotoka Oregon. Polisi alikuwa amemsomea mshtakiwa haki zake kwa Kihispania. Alipofika kwenye haki ya kupewa wakili bila malipo, alisema wakili huyo ni "libre". Sasa, "libre" ni mtu aliye huru, asiyefungwa au asiye na shughuli. Wakili asiyelipiwa ni "gratis". Mahakama ikaona kwamba mshtakiwa hakuelezwa haki yake ipasavyo, maana neno lile halisemi lolote kuhusu pesa. Sisi Waswahili tunaliona kosa hilo papo hapo, kwa sababu lugha yetu nayo inatenganisha "huru" na "bure". Polisi yule alizungumza Kihispania, na pengine sokoni au barabarani kilimtosha. Kwenye haki za mshtakiwa hakikutosha.

Kisa cha pili hakikutokea mahakamani ila kinafundishwa kwenye madarasa mengi ya ukalimani. Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitali akiwa amezimia. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilisema yuko "intoxicado". Kwa Wakuba neno hilo humaanisha mtu amekula au kunywa kitu kikamdhuru. Madaktari wakalisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakaelewa amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71. Hakukuwa na mkalimani chumbani. Pande zote mbili ziliamini zimeelewana.

Kwa nini mahakama za Marekani zinalazimika kumpa mtu mkalimani?

Kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kesi yake mwenyewe kama kiziwi. Rogelio Nieves Negrón alikuwa kibarua kutoka Puerto Rico, aliyeshtakiwa kwa mauaji katika kaunti ya Suffolk, New York. Hakujua Kiingereza, na wakili wake hakujua Kihispania. Mashahidi 12 kati ya 14 wa upande wa mashtaka walitoa ushahidi kwa Kiingereza. Alichopewa ni muhtasari tu: mkalimani aliyeletwa na mwendesha mashtaka alimweleza wakati wa mapumziko, kwa dakika 10 hadi 20, yale yaliyosemwa. Alihukumiwa. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba hukumu ile haikusimama, kwani mtu asiyeelewa kinachosemwa dhidi yake hawezi kujitetea wala kumsaidia wakili wake.

Miaka minane baadaye, Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Wakalimani wa Mahakama. Sheria hiyo iliagiza kuwe na utaratibu wa kuwapima na kuwathibitisha wakalimani wa mahakama za shirikisho, na mtihani wa kwanza, wa Kihispania, ukafanyika mwaka 1980. Mwaka huohuo wa 1978 ndipo ulipoanzishwa pia NAJIT, muungano wa kitaifa wa wakalimani na wafasiri wa mahakama. Kwa hiyo unapojifunza kazi hii, elewa kwamba kila dakika unayonong'ona kando ya mshtakiwa inajaza pengo lile la Negrón. Hadi leo muhtasari ni mwiko.

Vyeti viko vya aina ngapi?

Viko vya ngazi mbili: cha shirikisho na cha jimbo. Cha shirikisho kwa sasa hutolewa kwa Kihispania pekee. Zamani Kinavaho, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, na Krioli ya Haiti vilikuwa na mtihani wake, lakini siku hizi wakalimani wa lugha nyingine zote, Kiswahili kikiwemo, hukubaliwa na mahakama za shirikisho kwa njia nyingine, yaani kwa kuonyesha sifa na uzoefu wao.

Majimbo mengi hutumia mitihani iliyoandaliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Mahakama za Majimbo, chenye makao Williamsburg, Virginia. California ina utaratibu wake. Ushauri wangu ni uanze na cheti cha jimbo unaloishi, kwa sababu kesi nyingi zinazowagusa watu wa kawaida, kama ajali za barabarani, ugomvi wa nyumbani, kufukuzwa kwenye nyumba za kupanga na malezi ya watoto, ziko kwenye mahakama za jimbo. Huko ndiko utakakokomaa.

Mtihani wa jimbo ukoje?

Katika majimbo mengi unaanza na semina ya utangulizi, mara nyingi ya siku mbili. Kisha kuna mtihani wa kuandika wa maswali 135 ya kuchagua jibu, kwa Kiingereza, kuhusu lugha, istilahi za mahakama na maadili. Lazima upate asilimia 80. Ukipita unaenda kwenye mtihani wa mdomo, na hapo ndipo wengi hubaki.

Mtihani wa mdomo una sehemu tatu: kusoma hati ya lugha moja huku ukiitamka kwa lugha nyingine, ukalimani fuatizi, ambapo msemaji ananyamaza ndipo unasema, na ukalimani sawia, ambapo unasema huku yeye akiendelea. Ule sawia hurekodiwa kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika. Alama ya kupita ni 70 kwa 100 kwa kila sehemu. Usitegemee ubora wa sehemu moja ukufiche aibu ya nyingine.

Na wa shirikisho?

Una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya kuandika: maswali 100 ya Kiingereza na 100 ya Kihispania, na lazima upate asilimia 75 kwa kila lugha. Watu waliosomea Marekani mara nyingi hukwama upande wa Kihispania, kwa sababu Kihispania chao ni cha nyumbani, chepesi kwa vicheko na mapishi, kikavu kwa lugha ya mikataba. Waliosoma Amerika ya Kusini hukwama upande wa pili, kwenye nahau za Kiingereza.

Hatua ya pili ni ya mdomo, kama dakika 45, yenye sehemu tano. Kuna hati mbili za kusoma na kutamka, moja kutoka kila lugha. Kuna ukalimani fuatizi wa shahidi akihojiwa. Halafu kuna ukalimani sawia mara mbili: mara moja hotuba ya mtu mmoja kwa maneno 120 kwa dakika, na mara nyingine mahojiano ya wakili na shahidi yanayoweza kufika maneno 160. Lazima ufikishe asilimia 80.

Namna ya kusahihisha ndiyo inayowashangaza wengi. Msahihishaji hapimi kama "umeeleweka". Ndani ya kila kipande kumepandwa maneno ya kupimia: tarehe, namba ya gari, neno la mtaani, istilahi ya sheria, kivumishi kidogo, "nadhani" ya shahidi. Kila moja umeibeba au umeidondosha. Unaweza kuzungumza kwa madaha yote, sauti tamu, sarufi safi, ukafeli kwa sababu uliacha "rangi ya buluu iliyokoza" ukasema "buluu".

Je, lazima niwe na digrii? Lazima niwe raia?

Digrii si sharti la kufanya mtihani wa shirikisho, ingawa kiwango cha lugha kinachotakiwa ni cha msomi. Uraia nao si sharti la kawaida kwa mkalimani wa kujitegemea, ila lazima uwe na kibali halali cha kufanya kazi na ujiandae kuchunguzwa rekodi yako.

Nisome wapi?

Ziko kozi za vyuo vya jamii, kozi za mtandaoni za miezi michache, na programu za chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Arizona, Tucson, kimekuwa kikitoa mafunzo ya ukalimani wa mahakamani wa Kihispania kwa miongo kadhaa. Monterey, California, kwa miaka mingi palikuwa na shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani, ila mwaka 2025 ilitangazwa kwamba programu hiyo inafungwa.

Jihadhari na kozi inayokuahidi "cheti" baada ya wikendi mbili. Cheti cha kozi ni ushahidi kwamba ulihudhuria. Anayekuthibitisha ni mahakama, kupitia mtihani wake. Nimewaona ndugu wakitoa akiba yao yote kwa karatasi ambayo hakuna karani wa mahakama aliyeitambua, na hilo huniuma, kwa sababu walikuwa na uwezo.

Mafunzo yenyewe ni kufanya nini hasa, siku kwa siku?

Nitakuonyesha saa moja ya asubuhi yangu ya wakati ule. Kabla ya kwenda kazini nilikaa jikoni, taa moja, chai, vifaa vya kusikilizia masikioni, na simu ya pili ya kunirekodi.

Dakika 15 za kwanza ni kivuli. Unasikiliza mtu akizungumza Kiingereza, nawe unarudia maneno yake kwa Kiingereza, nyuma yake kwa maneno matatu au manne. Hakuna kubadili lugha. Kazi ni kuuzoesha ubongo kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ukizoea, unaandika namba kuanzia 100 kurudi chini huku ukiendelea na kivuli. Wiki ya kwanza utaona kama kichwa kinapasuka. Wiki ya nne mkono unaandika peke yake.

Kisha ukalimani sawia wenyewe, dakika 15. Hapa kosa la mwanafunzi ni kumkimbilia msemaji. Akisema neno, naye kalitupa upande wa pili. Kwa Kihispania hilo litakuangusha, kwa sababu Kiingereza hutanguliza vivumishi vyote kabla ya nomino, na Kihispania mara nyingi huvifuatisha nyuma yake, kama Kiswahili kinavyofanya. Usipongoja nomino huna pa kuanzia. Lazima ujifunze kukaa nyuma bila hofu, ukishikilia mzigo mkononi mpaka uone mahali pa kuutua.

Kisha ukalimani fuatizi. Shahidi anasema, ananyamaza, wewe unasema. Unaruhusiwa kuandika, na wanafunzi wengi huandika mno. Mwalimu wetu alitunyang'anya kalamu mwezi mzima wa kwanza. Alisoma jibu la maneno 20, tukarudia; 30, tukarudia; mpaka 50. Alitufundisha kuona picha: mtu alitoka mlango gani, akashika nini, kwa mkono upi. Aliporudisha kalamu, tulijikuta tunaandika namba, majina, na mishale michache tu. Mengine yote yalikuwa kichwani, kwa sababu tulikuwa tumeyaona.

Mwisho unasikiliza rekodi yako mwenyewe. Hakuna anayependa. Lakini ni hapo utakapogundua kwamba unasema "eee" kila sentensi, kwamba umeongeza "sana" ambayo shahidi hakuisema, kwamba umemalizia sentensi aliyoiacha ikining'inia.

Kihispania kipi? Cha Hispania au cha Meksiko?

Vyote, na cha Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, Kuba, Guatemala, Honduras, Salvador, Kolombia na kwingineko. "Guagua" kwa Mkuba ni basi. Kwa Mchile ni mtoto mchanga. Fikiria shahidi anayesema aliiona "guagua" barabarani. "China" kwa Mpuerto Rico ni chungwa. "Ahorita" kwa mmoja ni sasa hivi, kwa mwingine ni baadaye kidogo, na kesi nzima inaweza kutegemea kama mtu aliondoka sasa hivi au baadaye. "Coger" Hispania ni kitenzi cha kuchukua, unachukua basi, unachukua kikombe. Meksiko ni tusi la kitandani.

Hatuhitaji kwenda mbali kuelewa. Mtu wa Lubumbashi, wa Mombasa na wa Zanzibar wakikaa meza moja, kila mmoja atalisikia neno la mwenzake akasita. Daftari la maneno la mkalimani wa Kihispania lina safu ya nchi. Andika neno, andika maana, andika umelisikia kwa mtu wa wapi.

Ni mtego gani ambao watu wengi hawauoni hadi umekwishawanasa?

Kwangu mimi ni nani alitenda.

Mhispania anapoangusha chupa bila kukusudia husema "se me cayó la botella". Neno kwa neno hakuna Kiingereza cha kawaida kinachofanana nayo, hivyo mkalimani wa haraka husema kwa Kiingereza sawa na "niliangusha chupa". Lakini sikiliza Kiswahili: "chupa iliniponyoka." Hiyo ndiyo hasa. Mhispania amesema chupa ilimponyoka. Kiingereza cha mkalimani kinaacha mlango wazi kwamba labda aliiangusha makusudi. Polisi anaandika. Mwendesha mashtaka anasoma mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi. Mtu amekwishavishwa nia ambayo hakuisema. Katika kesi ya kujeruhi, tofauti kati ya kuponyoka na kuangusha ni miaka ya kifungo. Mkalimani aliyefunzwa atatafuta namna ya Kiingereza inayosema kwamba chupa ilimtoka mkononi, hata kama sentensi itakuwa ndefu kidogo.

Pacha wa mtego huo ni "su". "Su carro" ni gari lake yeye mwanamume, lake yeye mwanamke, lao, au lako wewe unayeambiwa. Kiingereza kinakudai uchague. Hapo usibahatishe. Unamgeukia jaji: "Mkalimani anaiomba mahakama ruhusa ya kumtaka shahidi afafanue." Wengi huona aibu kusimamisha kesi. Jaji mzuri hukasirishwa na kubahatisha kuliko kuulizwa.

Halafu kuna istilahi. "Libertad condicional" watu hulitumia kwa kifungo cha nje na pia kwa kuachiliwa gerezani mapema kwa masharti. Kiingereza cha mahakama kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo, na mshtakiwa anayekubali kosa lake lazima ajue anakwenda nyumbani au anakwenda gerezani kwanza.

Shahidi akitukana, nifanyeje?

Tukana naye, kwa uzito uleule, bila kupunguza wala kuongeza. Wengi wetu tumelelewa kuficha tusi, tunasema "alinitukana matusi mabaya". Mahakamani hilo ni kumnyima jaji ushahidi.

Vivyo hivyo kwa jibu la ovyo. Shahidi akiulizwa saa akajibu kuhusu mvua, wewe unatoa mvua. Akisema sentensi iliyovunjika, unaitoa ikiwa imevunjika. Unasema "mimi" pale anaposema "mimi". Ukisema "anasema kwamba yeye", kumbukumbu za mahakama zitachanganyikiwa. Ukitaka kujizungumzia wewe, unajiita "mkalimani".

Nilipokuwa mgeni katika kazi niliacha neno moja. Shahidi alisema "nadhani ilikuwa nyekundu", mimi nikasema ilikuwa nyekundu. Niligundua baada ya maswali mawili. Moyo ulinidunda, nikaomba ruhusa, nikasema mkalimani anasahihisha kumbukumbu. Wakili wa utetezi alianza upya maswali yake kuanzia ile "nadhani". Kusahihisha kosa lako mwenyewe kwa sauti, mbele ya watu wote, ni sehemu ya kiapo.

Mshtakiwa akiniuliza "dada, nikubali kosa au nikatae?"

Atakuuliza. Wewe ndiye sura pekee chumbani inayosema lugha yake. Mwambie swali hilo utalifikisha kwa wakili wake, kisha ulifikishe. Usitoe ushauri, usimtulize kwa ahadi, usimpe namba yako ya simu. Ni jambo gumu, na halilainiki hata miaka ikipita.

Nifanyeje nikiona shahidi hakielewi Kihispania chenyewe?

Swali zuri ambalo wachache huliuliza. Watu wengi wanaotoka Guatemala na kusini mwa Meksiko wana lugha yao ya kwanza: Kimam, Kik'iche', Kiq'anjob'al, Kimixteco. Kihispania walikiokota sokoni, na wengine wana aibu kusema hawakijui. Utaona anaitikia "sí" kwa kila kitu, hata kwa swali lisilo la ndiyo au hapana. Jukumu lako ni kuieleza mahakama kwamba mkalimani ana shaka kama lugha hii ndiyo anayoielewa vizuri. Kinachofuata mara nyingi ni ukalimani wa kupokezana: mmoja anatoa Kik'iche' kwenda Kihispania, wewe unatoa Kihispania kwenda Kiingereza.

Sisi tunalijua hili. Ni mara ngapi mtu wa kijijini kwetu amedhaniwa anajua Kiswahili kwa sababu tu ameitikia salamu?

Kazi hii inalipa?

Inalipa kwa heshima ukiwa na cheti. Mkalimani wa kujitegemea mwenye cheti cha shirikisho hulipwa kwa siku au nusu siku, na kiwango cha siku nzima kimepita dola 500. Majimbo hutofautiana sana, na mengi hulipa chini ya hapo. Wengine huajiriwa na mahakama wakapata mshahara na bima. Wa kujitegemea hujilipia kodi, bima na mafuta ya gari, na kuna wiki ambazo simu hailii. Kwenye kesi ndefu wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu usahihi hushuka akili ikichoka kabla mwenyewe hajajua kwamba amechoka.

Nasikia Kiingereza kimetangazwa lugha rasmi. Kazi itaisha?

Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na akafuta amri ya mwaka 2000 ya Rais Clinton iliyozitaka ofisi za serikali ya shirikisho kuwasaidia wasiojua Kiingereza. Lakini Sheria ya Wakalimani wa Mahakama ya 1978 ilitungwa na Bunge, na amri ya rais haiwezi kuifuta. Haki ya mshtakiwa kuelewa kesi yake inatoka kwenye Katiba. Mahakamani, Kihispania ndicho kinachohitaji wakalimani kuliko lugha zote nyingine zikijumlishwa. Katika mahakama za shirikisho ni zaidi ya mara 9 kati ya 10.

Kuhusu mashine: itumie kutafutia istilahi nyumbani. Mashine haiapi, na haijui ilipokosea ili isimame na kusahihisha.

Mimi ni Mswahili ninayejua Kihispania. Nifuate Kihispania au Kiswahili?

Pima ni lugha ipi unayoimudu hadi kwenye matusi, dua, misemo ya bibi na lugha ya hati za benki. Ikiwa Kihispania chako kiko hapo, kifuate. Kazi ni nyingi na njia ya cheti iko wazi. Ikiwa ni cha mazungumzo tu, usijidanganye, maana anayeumia si wewe.

Kiswahili kina kazi chache zaidi lakini kinahitajika kweli, hasa pale walipohamia wakimbizi wa Kongo na Burundi, na kina mitego yake ambayo kozi za Kihispania hazitakuonyesha. Shahidi akisema "saa mbili usiku", anazungumzia saa nane za Waingereza. Ukitoa mbili, umemweka mtu barabarani usiku wa manane wakati alikuwa mezani anakula. Akiulizwa "Hukumpiga?" akajibu "Ndiyo", anamaanisha ndiyo, sikumpiga. Toa "yes" kavu kwa Kiingereza na umemfanya akiri. Mbinu za kujifunza ni zilezile, kivuli, kumbukumbu, rekodi. Daftari la maneno tu ndilo utakalolijaza mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekutangulia kulijaza.

Nianze na nini wiki hii?

Nenda mahakama ya kaunti yako asubuhi, siku ya kusomea washtakiwa mashtaka yao. Kesi nyingi ziko wazi kwa umma. Unapita kwenye kifaa cha ukaguzi, unazima simu, unakaa benchi la nyuma. Mtafute mkalimani wa Kihispania, atakuwa amesimama karibu na mshtakiwa, au ana kipaza sauti kidogo mdomoni. Usimwangalie jaji. Msikilize mkalimani, na mtazame mshtakiwa usoni jaji anapotaja dhamana. Chukua daftari, andika kila neno ambalo usingeweza kulitoa. Ukirudi nyumbani utakuwa na ukurasa mzima. Anza nao.